Hakimu Hafukuzi

Butali,
Jumanne, baada ya zamu ya asubuhi.

Kwako Baba yangu, Mzee Barnaba,

Mirembe, Baba. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti lako liwe limekuhurumia tangu mvua hizi zianze. Mama Awinja hajambo? Mwambie dawa ya kikohozi aimalize hata kama kikohozi kimekwisha, maana namjua, huwa anaiweka nusu chupa kwa ajili ya wageni. Sisi huku tu wazima kwa neema za Mungu. Mkwe wako Navalayo anakusalimu sana. Mjukuu wako ameota jino la kwanza na ameanza kulitumia vibaya, hasa kwenye kidole changu.

Najua utauliza barua ya nini wakati simu zipo. Baba, nisamehe, lakini kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika katikati, na maneno yakikuelemea unasema mtandao ni mbaya. Barua haikatiziki. Nimemkabidhi Mchungaji Were kwa kuwa anakuja huko Shinyalu kesho, na kwa vile miwani yako bado iko kwa fundi, najua atakayekusomea ni Maurine. Dada yangu, soma kama ilivyoandikwa. Usipunguze, na zaidi sana usiongeze yako.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jumamosi ulikuja kunitazama nikicheza, mara ya kwanza tangu nianze mchezo huu. Nilikuona na shati lako jeupe la kanisani na ile fimbo yako. Mechi ilipokwisha nilitoka mbio kuja kukusalimu, nikaambiwa yule mzee ameshaondoka, ameshika njia bila kuaga mtu. Nilisimama pale na matope yangu mwili mzima, nikajua mara moja maana ya kuondoka kule. Mtoto wa Isukha, aliyekulia kwenye vita vya mafahali, haelezwi. Mwenye fahali aliyeshindwa hutangulia nyumbani kimya kimya ili asikutane na nyimbo za washindi njiani.

Halafu jana Mama akanipigia. Alisema tangu urudi hujasema neno juu ya nilivyocheza, ila umesema Alhamisi, siku ya soko, fahali wako Hakimu atapelekwa Lubao akauzwe kwa wachinjaji. Na ile kamba ya ukoo iliyo kwenye msumari nyuma ya mlango, kamba ambayo babu yako aliongozea fahali wake, umesema itaoza hapo hapo, maana nyumba hii haina tena mwenye moyo wa kupigana. Baba, hayo maneno yameniuma kuliko mabega yangu yote mawili. Uliniahidi utakuja unitazame, na kama ukiona moyo, kamba ni yangu. Ulikuja, ukatazama, na umekata shauri. Siandiki ili nibishane na wewe. Naandika kwa sababu nadhani hukuelezwa ulichokuwa unakitazama, na huyo fahali atakufa kwa kosa la wasioeleza.

Kwanza, huu mchezo si raga, ingawa ninyi wazee kila mchezo wa kuangushana mnauita raga. Huu ni wa Kiamerika. Sisi wanne wa mbele tunainama, mkono mmoja chini, kifua karibu kiguse magoti. Mbele yetu wanainama watu watano wa upande wa pili, kazi yao ni kutuzuia tusipite. Nyuma yao yupo mrushaji, ndiye mwenye mpira. Anaweza kuurusha mbali au kumpa mwenzake akimbie nao. Nyuma yetu sisi wapo walinzi wetu wepesi wa miguu. Mmoja ni Tevin, yule kijana mwembamba wa bodaboda uliyesema siku moja kwamba upepo wa Malava utakuja kumpeperusha.

Zamani mimi nilikuwa pembeni kabisa mwa ile safu. Kocha wetu wa kwanza alikuwa na neno moja tu, kila mtu atafute mpira. Nami nilikuwa nautafuta kweli! Nilikuwa nazunguka huko pembeni, natokea nyuma, namlalia mrushaji chini kama gunia, na uwanja mzima unaita jina langu. Hizo ndizo habari zilizokufikia, ukawaambia wazee wa kanisa kwamba una simba wako Butali. Lakini kuna jambo ambalo hao wapelekaji habari hawakukuambia. Tulikuwa tunashindwa. Mimi nikishazunguka huko, wapinzani wanapita na mpira pale pale nilipotoka. Mwenye nyumba yuko barabarani anamtafuta mwizi, na mlango ameuacha wazi.

Mwaka huu tukaletewa kocha mpya wa ulinzi. Ni mwanamke, anaitwa Chepkirui, kwao ni Bomet, anafundisha kemia katika sekondari moja huku Malava. Alisomea Amerika na huko ndiko alikojifunzia kazi hii, akimsaidia kocha wa ulinzi wa chuo chao. Sitaficha, tulicheka. Mpakia miwa kama mimi, shingo hii, nifundishwe kusukuma na mwalimu wa kemia! Yeye alitungoja tumalize kucheka, kisha akatubomoa safu yote na kuipanga upya.

Mimi alinitoa pembeni akaniweka katikati kabisa. Akaniambia kazi yangu si mpira tena, kazi yangu ni watu wawili. Nimshike aliye mbele yangu na nimvute kwangu aliye kando yake, nisimame katikati ya milango miwili, wa kushoto na wa kulia, na nisiondoke mpaka nijue mpira unapita wapi. Wao wakipoteza watu wawili kwangu, alisema, nyuma yangu kuna mtu wetu mmoja ambaye hana wa kumzuia. Nikamwuliza, na mimi nitaonekana na nani? Akasema nitaonekana na yeye, na hao wawili nitakaowashika, basi.

Baba, siku hiyo nilikataa hata chai. Wiki nzima sikwenda mazoezini, nikasema mgongo unaniuma. Mgongo haukuwa na neno. Aliyenirudisha ni Navalayo. Aliniuliza hivi tangu lini mpakia miwa akapigiwa makofi kwa kila mzigo, na mbona trela linajaa kila siku hivyo hivyo bila makofi. Nikanyanyuka kwa hasira nikaenda, na nadhani alitaka hasira hiyo hiyo.

Mazoezi yake, usione. Alikuwa anatupeleka kwenye shamba lililokwisha kukatwa miwa, anatuwekea trela tupu tulisukume sote wanne, na juu yetu amefunga kamba kati ya vigingi viwili. Kichwa kikigusa kamba, rudini mwanzo. Alitaka tuwe chini, mikono ndani, hatua fupi fupi, miguu isiyoacha ardhi. Wenzangu walinung'unika kama mimi. Yule aliyechukua nafasi yangu ya pembeni aliambiwa asizunguke, asimame aufunge ukingo. Tulikuwa wawindaji wanne, akatugeuza nguzo. Lakini kidogo kidogo tuliona kitu. Tevin na wenzake wa nyuma walianza kuangusha watu ambao zamani walikuwa wanawapita kama maji.

Sasa nikueleze aibu yetu, na naomba usicheke, au ucheke kidogo tu. Mechi ya kwanza ya mpango huo tulicheza na timu ya Eldoret. Tulikuwa tunasukumana vizuri, na mimi nimemkaba mtu wangu barabara. Ghafla akaniachia, akanigeuzia mgongo, akakimbia kwenda pembeni. Baba, wewe ulinifundisha nini tangu nikiwa mdogo, unanibeba mabegani pale uwanjani? Fahali akigeuza mgongo, vita vimekwisha. Nikainua kichwa. Nikainua na mikono! Na si mimi peke yangu. Katika sisi wanne, watatu ni wa Isukha, na wote watatu tulisimama wima tukijua tumeshinda. Hata wapigaji wetu wa ngoma za isukuti kando ya uwanja walianza wimbo. Wakati huo huo mtu mwingine akanijia kutoka ubavuni ambako sikuwa natazama, akanibwaga, na mwenye mpira akapita mlangoni pangu akitembea kama mgeni aliyekaribishwa.

Kumbe kule kugeuza mgongo ni mtego. Wanakuachia makusudi uinuke, au ukimbilie mbele, halafu wanakukata kwa pembeni. Kocha Chepkirui alishika kichwa. Hakuelewa kwa nini watu wake watatu waliduwaa kwa pamoja kana kwamba filimbi imelia. Tulipomweleza mambo ya mafahali alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi. Kisha akauliza vita vingine vya mafahali ni lini.

Hapo ndipo jambo hili linapokufikia wewe. Yule mama mwenye kofia nyekundu uliyeniuliza habari zake, uliyesema alikuwa amesimama mbele kuliko wanaume, ndiye huyo Chepkirui. Alikuja Shinyalu siku ile ile Hakimu alipopigana na yule fahali mwekundu. Unakumbuka ilivyokuwa. Walisukumana, yule mwekundu akageuza mgongo, na Hakimu wako akabaki pale pale, miguu imeshika ardhi, kichwa chini. Hakufukuza. Watu wakaanza, "Huyu hafukuzangi! Mzee, fahali wako ni mwoga!" Nawe ukatazama chini. Lakini ulipokuwa unatazama chini, Baba, yule mwekundu alizunguka akarudi kwa ubavuni. Hakimu hakuwa ameinua kichwa, kwa hiyo alimpokea chini chini, akamsukuma mpaka akakimbia kweli. Kisha akasimama tena, na watu wakacheka tena.

Kocha hakucheka. Mazoezi yaliyofuata alituweka chini, akasema amekaa miezi akitafuta maneno ya kutueleza, kumbe maneno yamo katika boma la mzee mmoja wa Shinyalu. Tangu siku hiyo, mtu wa mbele akinigeuzia mgongo, timu nzima kando ya uwanja hupiga kelele jina moja. Uliwasikia Jumamosi, najua, maana Mama anasema ulipofika nyumbani ulimwambia kwamba hata huku Butali wanakucheka kwa fahali wako. Hawakuwa wanakucheka. Walikuwa wananikumbusha. Hakuna jina linaloheshimiwa zaidi katika uwanja ule, na wengi wao hawajawahi hata kumwona mwenye jina.

Basi tuje Jumamosi yenyewe. Ulimwona mwanao mchezo mzima akiwa amekumbatiana na watu wawili kama walevi wanaorudishana nyumbani. Hukuniona nikimwangusha mtu hata mmoja. Uliona Tevin akiangusha huyu na yule, na mwisho ukaona wakimbeba Tevin juu, na mimi natolewa chini ya rundo la watu. Ukihesabu kwa hesabu ya macho, ni kweli, nilishindwa.

Lakini kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Navalayo, hata kocha, na ndilo hasa lililonikalisha kuandika.

Lile shambulio la mwisho, tulikuwa tunaongoza kwa pointi chache na wenzetu wa Nairobi walikuwa karibu kabisa na mstari wetu. Wakifika, tumekwisha. Niliinama, na nilipoinua macho nilikuona. Ulikuwa umesimama kwenye kamba ya mpaka, upande ule wa mrushaji wao, nyuma yake kidogo, umeegemea fimbo kwa mikono miwili. Mpira ukachezwa. Yule aliyekuwa mbele yangu akanishika, kisha akaniachia, akanigeuzia mgongo. Na njia ikafunguka, Baba. Haikuwahi kufunguka hivyo mwaka mzima. Mbele yangu nilimwona mrushaji amesimama peke yake, na nyuma ya bega lake, shati lako jeupe.

Ningependa nikuambie kwamba nilijua ni mtego. Sikujua. Hakuna wakati wa kujua. Nilijua tu kwamba nikienda hatua chache, nikimlalia yule mtu miguuni pako, utapiga fimbo chini kama unavyofanya, utaniita jina, na kamba ni yangu. Nilitaka hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Miguu yangu ilikwisha kuanza. Nikasikia nyuma wanaita, "Hakimu! Hakimu!" Na nikafikiri, yule ng'ombe wako naye alikuwa anasikia kicheko cha watu wote na kukuona wewe ukitazama chini, na bado hakuondoka mahali pake. Nikarudisha mguu. Nikainamisha kichwa.

Walinijia wawili, mmoja mbele na mmoja ubavuni, kwa nguvu zao zote, na mwenye mpira alikuwa nyuma yao anaujia mlango wangu. Aliukuta umefungwa. Akajaribu kuruka kando, na Tevin alikuwa huru, akamwangusha hapo hapo. Sisi wengine tulikuwa chini, mimi nikiwa chini kuliko wote, na mdomo umejaa nyasi za Butali. Nilikuwa nacheka, Baba. Nilijua hukuona kitu, na nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na wale wawili juu yangu wakaniuliza kama nimeumia.

Kwa hiyo usiseme nilishindwa kumfikia. Nilimwacha. Nilikuacha na wewe pia, pale kwenye kamba, na fahari yako mikononi mwangu. Kama hilo ni kosa, niadhibu kwa hilo, lakini uniadhibu kwa nililofanya na si kwa uliloambiwa na macho. Nakuomba msamaha kwa aibu uliyobeba njiani siku ile. Kwa kusimama pale pale siombi msamaha.

Na Hakimu usimpeleke Lubao. Wewe ndiye uliyemlea, ukamwimbia, ukamtenga na majike, ukamkatia majani kwa mkono wako hata goti likiwa limevimba. Ukimtazama tena utaona unachokiona ukijitazama mwenyewe. Mwaka ule Baba Mdogo na wengine wote walipouza mashamba wakatimkia Lugari kwenye mahindi ya bei nzuri, ni nani alibaki hapo akilinda makaburi ya wazee na kusomesha watoto wa wote, na watu wakicheka kwamba Barnaba hana mbio? Sikuelewa nilipokuwa mdogo. Nilidhani na mimi kwamba huna mbio.

Nitakuja Alhamisi kabla jua halijachomoza juu ya boma. Nimeshabadilishana zamu na mwenzangu wa kiwandani. Kocha ameomba kuja nami ili akusalimu na amwone Hakimu kwa karibu, kwa hiyo Mama achinje ingokho na asonge obusuma ya kutosha, na Maurine asiseme mbele ya mgeni kwamba mimi hula kuliko fahali. Mpaka nifike, naomba ile kamba isiondoke kwenye msumari wake. Ukishaniona, ukiona bado haifai iwe yangu, nitakusaidia mwenyewe kumwongoza Hakimu mpaka sokoni, na sitasema neno njiani.

Nisalimie Mama, nisalimie jirani zetu wote, na wale wazee wa kanisa waambie simba wako hajafa, ila amepewa kazi ya mlangoni. Navalayo na mtoto wanasema ubaki salama. Mungu akulindie goti na akupe usingizi mwema.

Ni mimi mwanao, nikuheshimuye, niliyekuona Jumamosi wakati wewe hukuniona,

Phanuel.